Mlango Usio na Nyumba

Mimi na choo tuna mipaka yetu. Choo kikae chooni, mimi nikae sebuleni, tukutane kwa shida maalumu halafu kila mmoja ashike njia yake. Kwa hiyo siku niliyokwenda kwa wifi yangu baada ya ukarabati wao, nikakuta vyombo vya kukojolea wanaume vimepangwa ukutani barazani, vyeupe pee, vimejazwa udongo na kupandwa maua, nilisimama palepale nikakataa kuvua viatu.

"Karibu, wifi! Mbona umeganda? Ingia uone."

"Naona. Hivi si vile vya stendi?"

"Stendi ya zamani, wameivunja. Niliwahi kabla hawajaviponda. Hivi vina historia!"

"Historia yake naijua. Hata pua yangu inaijua."

Akacheka, akanivuta mkono. Wifi yangu ana macho makavu, huwezi kumtahayarisha. Aliacha kazi nzuri ya benki ili afanye biashara ya kupamba nyumba kwa mabaki ya majengo. Popote jengo linapobomolewa, yeye yumo vumbini na mabuti yake, anabembelezana na wabomoaji. Sebuleni alikuwa na beseni la kuogea la chuma lililokatwa ubavu, likatiwa mito, likaitwa kochi. Kichwani mwa kitanda chao ameegemeza lango la nondo la gereza. Ukutani ametundika ubao wa darasani wenye hesabu ya kugawanya ambayo mtoto wa watu aliikosa, na amepulizia rangi ya kung'aa ili lile kosa lisifutike milele. Mtu mzima anaamka asubuhi, anakunywa chai yake, anaangalia kosa la mtoto wa watu!

Nikaletewa juisi. Ilikuja juu ya kitoroli kirefu cha chuma chenye magurudumu, kirefu kuliko haja ya bilauri mbili. Nilishapiga funda la kwanza ndipo nikauliza kimetoka wapi.

"Hospitali ya zamani," akasema. "Kilikuwa mochwari, lakini nimekisugua kwa dawa mpaka kucha zikaniuma."

Juisi ilikuwa imefika kooni. Haikushuka, haikupanda. Kaka yangu, mumewe, alikuwa amekaa kwenye beseni lake anatikisa mguu, bisibisi inachungulia kwenye mfuko wa shati. Ni kaka yangu wa pekee, anauza bima, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Lakini tangu mkewe aingiwe na wazimu huo, bisibisi haimtoki. Mke anaonyesha kidole, mume anafungua skrubu. Nikamwangalia, akaangalia dari.

"Kila mtu na anachopenda," akasema.

Ingekuwa imeishia hapo, ningetapika kwangu kimyakimya nikanyamaza. Watu wakitaka kulia chakula juu ya kitanda cha maiti, shauri yao. Haikuishia hapo.

Mama yetu haoni. Ilianza taratibu, presha ya macho, ukungu pembeni, halafu ukungu katikati, halafu basi. Baba alikuwa seremala. Siku daktari aliposema hakuna namna, Baba alikaa uani akalia kama mtoto, Mama akimbembeleza yeye. Kesho yake akaamka, akashika randa na patasi, na hakuziweka chini mpaka kazi ilipoisha.

Alichonga mbao ya kushikia, ya mti mgumu, akaifunga ukutani usawa wa kiuno cha Mama. Ilianzia mlango wa chumba chao, ikafuata ukumbi wote, ikakata kona, ikaenda bafuni, ikaishia jikoni. Na juu ya mbao hiyo akakata alama. Mkato mmoja: mbele yako kuna ngazi, inua mguu. Mikato miwili iliyokaribiana: hapa pana kona. Kishimo cha kutosha dole gumba: umefika mlangoni. Na ili Mama asikosee chumba, kila mlango akaupa cha kushika chake. Jikoni, kitasa cha shaba cha mviringo. Bafuni, pete ya chuma. Chumbani, komeo nene la mbao alilolichonga mwenyewe, lile la kusukuma kutoka ndani, likifunga linasema tak.

Kabla ya kukaza kila skrubu alikuwa anajifunga kitambaa cha Mama machoni, anatembea. Alipojigonga, alichora chaki, akakata mkato. Uso ulimvimba wiki nzima. Majirani walidhani anapigwa na mkewe, na Mama hakukanusha, alisema tu amezidi ukaidi.

Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake mle ndani na hakutaka kwenda popote. Alipika, alifua, alichambua mchele kwa ncha za vidole usipate hata chembe ya mchanga. Mgeni asiyejua alikuwa anakaa hapo mpaka giza liingie, ndipo aanze kushangaa mbona hakuna anayewasha taa. Usafi wake sasa! Mama angeweza kukusikia kwa sikio kwamba hujanawa mikono.

Basi mwaka huu, msimu wa mvua, Kaka akanipigia simu. Nyumba ya Mama imeingia mchwa. Wamekula mbao ya ukumbini, wamekula milango, wanaelekea paa. Nisiwe na wasiwasi, yeye atashughulikia. Mimi ni fundi wa mapazia, na siku zile nilikuwa nimebanwa na kazi ya hoteli moja, kitambaa kimenifika shingoni. Nikamshukuru. Nikamwita mtoto mwema, kwa mdomo wangu huu. Ptu!

Nilipokwenda kumwona Mama, nyumba ilinuka gundi. Ukutani limefungwa bomba la plastiki la kijivu, lile la kupitishia maji, laini kama limelambwa. Milango yote mipya, ya dukani, myepesi, mikono yake ya kushikia yote sare. Nikauliza mbao za Baba ziko wapi. Kaka akasema wamezichoma moto, maana mchwa ukiwaacha wanahamia kwa jirani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini.

"Baba yenu alikuwa hachukui ubao unaoliwa na mchwa," akasema. "Lakini haya. Kila kitu kinazeeka."

Kuanzia hapo akaanza kupotea. Si njiani, si sokoni. Ukumbini kwake mwenyewe. Alikuwa akishika lile bomba, linamwambia nini? Halimwambii kitu. Anafungua mlango, mkono wa mlango ni uleule, anaingia bafuni anadhani yuko jikoni. Siku moja nilimkuta ameloweka maharage kwenye ndoo ya kudekia. Mama yangu huyu! Nilimwaga yale maharage uani. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, anavuta hewa puani. Akajua ni ndoo gani. Jioni hiyo hakula.

Halafu akaanguka. Ile ngazi ya kushukia jikoni, bomba halikumwambia, akakanyaga hewa. Shavu likabadilika rangi, kiwiko kikavimba. Baada ya hapo hakutaka tena kutembea. Akawa anaita apelekwe chooni, na kama hakuna mtu, anasubiri. Jirani alikuwa anaingia kila akipata nafasi, mimi nilikuwa nakwenda kila nikiweza, lakini zipo saa alizokaa akisubiri, na sitaki hata kuziwaza.

"Kitindamimba," akaniambia siku moja, maana mimi ndiye wa mwisho. "Macho yangu yalipokufa sikulia. Nilikuwa na mikono. Sasa mikono nayo imekufa. Nashika nyumba yangu, siijui. Nadhani akili inaniruka."

Nikamwambia hapana, ni milango mipya tu, utaizoea. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshajihukumu.

Kaka alikuwa na mpango wake tayari, umeiva. Mama ahamie kwao, kwenye chumba cha uani ambacho Wifi amekijenga kwa madirisha ya zamani. Nyumba iuzwe. Mnunuzi yupo, anataka kuivunja ajenge maduka. Nyumba ni ya Mama, kwa hiyo mnunuzi anataka kusikia kwa kinywa cha Mama mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akafunga madirisha. Nikasema aje kwangu, tutabanana. Mama mwenyewe akanikata kauli.

"Kwako, kwake, ni palepale. Pote hakuna pa kushika. Acheni iuzwe."

Jumapili iliyofuata Wifi alikuwa amealika watu waje kuona bustani yake, wateja na marafiki, na Kaka akaona ni vizuri mnunuzi naye aje hapohapo, Mama atoe neno lake, wageni wapate kula na kunywa, yaishe. Mimi na mume wangu tukamleta Mama kwa pikapu yetu ya kubebea vitambaa. Alivaa nguo yake nzuri. Alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili, kama mtu anayepelekwa kulazwa.

Bustani sasa! Pande zote za njia kuna mabakuli ya vyoo, yamepangwa kwa ukubwa, yamepandwa mimea ya majani marefu inayomwagika ukingoni kama ndevu. Kuna mabomba ya maji taka yaliyosimamishwa wima, yametiwa taa. Kuna tangi la choo limefanywa bwawa, lina samaki, maskini. Wageni wanazunguka na bilauri zao, wanapiga picha, wanasema jamani, jamani, ubunifu huu! Bwana mmoja alikuwa ameegemea chombo cha kukojolea anakula sambusa.

Mama akasimama.

"Kuna harufu ya choo."

"Ni maua, Mama."

"Maua gani yanayonuka choo?"

Nikamkaza kiwiko tukaendelea. Na hapo ndipo nilipouona.

Katikati ya nyasi ulikuwa umesimama mlango. Mlango peke yake, ndani ya fremu yake, hauna ukuta kulia wala kushoto, maua ya kutambaa yameanza kuupanda. Na kutoka njiani hadi kwenye mlango huo ilipita mbao ndefu juu ya vigingi, imepakwa vanishi mpaka inang'aa. Sikuhitaji kuisogelea. Komeo lile nimelisikia likisema tak utoto wangu wote. Hawakuchoma kitu. Hakukuwa na mchwa. Alikuja na bisibisi yake, akamfungulia Mama nyumba skrubu kwa skrubu, Mama amekaa chumbani anasikiliza, akidhani mwanawe anamfukuzia wadudu.

Nikafungua mdomo, na nilichotaka kusema kisingefaa kusikiwa Jumapili. Lakini Mama alikuwa amejikwaa kwenye kokoto, akarusha mkono kutafuta pa kushika, na mkono ukaangukia ile mbao.

Upande wa pili Wifi alikuwa na kundi lake, hajatuona, anaeleza kwa sauti ya kitangazaji.

"Na hii hapa ndiyo fahari yangu. Imetoka gereza la zamani. Mnaiona hii mikato? Kulikuwa na mfungwa wa maisha, alikuwa anahesabu miaka yake, anakata, anakata..."

"Aaah!" wakasema wageni. Mama mmoja akashika kifua.

Mkono wa Mama ulikuwa umetulia juu ya mbao. Halafu vidole vikaanza kutembea. Vikarudi. Dole gumba likapapasa, likasimama.

"Kitindamimba. Tuko wapi?"

"Kwa Wifi, Mama. Bustanini."

"Hapana," akasema. "Hapa ni ukumbini kwangu. Huu ni mkato wa ngazi."

Akainua mguu kama mtu anayepanda ngazi, akaushusha, ukakuta nyasi. Akatoa sauti ndogo, sijui kicheko sijui nini. Akaniachia mkono. Ndiyo, akaniachia mkono, mtu ambaye kwa majuma alikuwa hatoki kitandani bila kuitwa mtu. Akatembea. Alipofika kwenye mikato miwili akajipinda kukata kona, na kona haikuwepo, mbao ilikwenda moja kwa moja. Akasimama, akacheza na vidole, akaelewa, akaendelea. Kishimo cha dole gumba. Akanyoosha mkono mbele bila kutafuta, ukatua kwenye mlango. Akausukuma. Akaingia. Akaufunga nyuma yake.

Tak.

Wageni wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi! Mmoja akasema, "Na maigizo mmetuwekea!"

Kaka alikuwa anakuja anasukuma kile kitoroli cha mochwari, kimejaa sambusa na vikombe. Aliponiona uso, akasimama. Halafu akaona miguu ya Mama chini ya mlango, viatu vyake vyeusi, upande wa pili.

"Mama," akasema, anajaribu kucheka. "Mama, zunguka tu. Hapo hakuna ukuta."

"Ninyi mnaoona ndio mnaojua hakuna ukuta," Mama akajibu. "Mimi nimeushika mlango wangu, na nimeufunga."

"Watu wanatuangalia, Mama."

"Mimi siwaoni."

Nilitegemea azunguke. Hatua chache tu kwenye nyasi, amshike mkono, amtoe. Hakuzunguka. Mtu mzima na tai yake akasimama mbele ya mlango usio na nyumba, akainua mkono, akagonga.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Mimi, mwanao."

"Mwanangu aliniambia mlango huu umeliwa na mchwa akauchoma moto. Wewe ni mwanangu yupi?"

Wale wa sambusa wakaacha kutafuna.

"Hebu nifahamishe," Mama akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ni mchwa gani hao wanaokula ubao halafu wanautapika mzima, na vanishi juu?"

Wifi ndiye aliyekuja mbio, mabuti yanapiga nyasi, bado ameshikilia tabasamu la biashara.

"Mama, vilikuwa vimekaa tu kule gizani! Nani alikuwa anaviona? Hapa vinatunzwa, watu wanavipenda..."

"Mkamwana," Mama akasema. "Nimekusikia ukisema habari za mfungwa wa maisha. Ni mimi, au ni marehemu?"

Wageni walianza kuficha simu. Yule mama aliyeshika kifua akaweka bilauri yake chini, akaweka kwenye ukingo wa choo, akagundua ni choo, akaichukua tena.

Nilizunguka mimi. Nilimkuta ameegemeza mgongo kwenye mlango, machozi yanashuka bila kelele, viganja vyote viwili vimekamata komeo nyuma yake. Akajua ni mimi, anaijua miguu yangu.

"Kumbe si mimi," akaninong'oneza. "Mwanangu, kumbe si mimi. Mikono yangu mizima."

Nikamwambia mizima, Mama. Mizima kabisa.

Mnunuzi wa nyumba alikuwa kando, mtu mnene mwenye adabu zake, hajui aangalie wapi. Akakohoa. Akasema kwamba yeye alikuja kusikia neno la Mama tu, kama ni wakati mbaya atarudi.

"Usirudi, baba," Mama akasema kutoka nyuma ya mlango. "Nyumba ina mtu."

Na Kaka yangu, badala ya kunyamaza, akaona huo ndio wakati wa kujitetea. Akasema walidhani Mama hatatambua. Alisema hivyo hivyo: hatatambua. Kwamba si haoni, bomba na mbao kwake ni sawa tu, mradi pawe na kitu ukutani. Hapo tumbo likanigeuka kweli. Nikageukia chombo cha karibu, na chombo cha karibu kilikuwa kile cha stendi chenye maua mekundu, nikatapika humo vyote nilivyokuwa navyo. Baada ya kufanywa pambo muda wote ule, angalau leo kilipata kazi inayokifaa.

"Wifi! Maua yangu!" akanipigia kelele mwenye bustani.

Nilijifuta mdomo kwa mkono. Nikamwambia akiita tena jina la ua mbele yangu, nitamwonyesha historia. Nikamgeukia Kaka, nikanyoosha kiganja.

"Bisibisi."

Akaitoa mfukoni. Akaiangalia. Hakunipa.

"Nitafungua mwenyewe," akasema.

"Utaniharibia bustani!" Wifi akalia. "Nimeshaahidi watu! Hicho ndicho kitovu cha bustani nzima!"

Kaka alipiga magoti kwenye nyasi na suruali yake ya bima, akaanza na kigingi cha kwanza. Wageni wakaaga mmojammoja, kwa ile haraka ya watu wanaokumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Mume wangu akarudisha pikapu kinyumenyume hadi katikati ya nyasi, akapitia juu ya bakuli moja la choo, likapasuka. Alisema hakuliona. Nampenda sana mume wangu.

Milango ya jikoni na bafuni tuliitoa stoo kwa Wifi; huu wa bustanini ulikuwa wa mwisho. Mama alikubali kutoka nyuma yake pale tu alipohakikisha, kwa kupapasa, kwamba kitasa cha shaba na pete ya chuma vimo ndani ya pikapu.

Tulifika kwake jua bado lipo. Kaka aling'oa bomba la plastiki kwa hasira kana kwamba lilijileta lenyewe. Mama alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, kichwa ameinamisha, anasikiliza kila skrubu. Kaka aliposema tayari, Mama alisimama, akaweka mkono kwenye mbao, akatembea kidogo, akasimama.

"Umeigeuza."

"Imekaa sawa, Mama, nimepima."

"Umepima kwa macho. Baba yako alikuwa anafunga macho."

Nikakivua kitambaa cha kichwani mwa Mama, nikamfunga Kaka. Nilikaza, sifichi. Nikamsimamisha mlangoni mwa chumba, nikamwekea mkono juu ya mbao, nikamwambia nenda jikoni. Amezaliwa katika nyumba ile. Amekimbia katika ukumbi ule akiwa na meno mawili. Akaenda anapapasa, bega linasugua ukuta. Akapita mkato wa ngazi mahali ambapo hakuna ngazi, akainua mguu bure, akayumba. Akaendelea. Ilipofika ngazi yenyewe, vidole vyake vilikuwa juu ya ubao mtupu.

Alianguka vibaya. Goti kwanza, halafu kiwiko, palepale alipoangukia Mama. Hatukumsogelea. Mume wangu alitaka, nikamshika shati.

"Umeumia?" Mama akauliza.

"Kidogo."

"Mimi niliumia sana."

Kaka alibaki pale chini, kitambaa machoni. Hakukivua. Nikaona kinalowa. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kujiuliza kama atainuka. Halafu akapapasa, akaipata bisibisi sakafuni, akajivuta mpaka kwenye mbao, na akaanza kufungua skrubu za upande ule bila kukiondoa kitambaa.

Aliigeuza mbao. Akatembea. Akajigonga, akalegeza, akasogeza, akatembea tena. Milango akairudisha mmoja baada ya mwingine, na mara hii kila mmoja aliushika kwanza mwenyewe gizani mwake kabla ya kusema tayari. Mama alipopita mara ya mwisho, alipita kama maji. Jikoni, kitasa cha shaba. Bafuni, pete. Akajisaidia mwenyewe, akanawa mwenyewe, akatoka. Akafika chumbani, akaingia bila kutuaga, akasukuma komeo. Tak.

Kaka akavua kitambaa. Uso ulikuwa umemvimba, kwenye paji la uso na shavuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanana na Baba. Akasogea mlangoni. Akagonga kidogo, kwa kidole kimoja.

"Hodi, Mama."

"Nani?"

"Mimi."

Tulisikia kitanda kikilia, Mama anakaa, anavua viatu, kimoja, kingine. Kaka alisimama pale ameegemeza kichwa kwenye ubao, anangoja karibu.

"Uje kesho," Mama akasema. "Na hiyo bisibisi mwachie mdogo wako."

Kaka akanitazama. Nikanyoosha kiganja, naye akaiweka.